Familia ya Pio Gama Pinto na mauaji yasiyopata jibu tangu 1965

ILIKUWA asubuhi ya Jumatano, Februari 24, 1965, katika eneo la Westlands, Nairobi. Mbunge wa kuteuliwa, Pio Gama Pinto, alitoa gari lake nyumbani huku binti yake mdogo akiwa ameketi kiti cha nyuma. Alipofika langoni alisimama kidogo. Watu waliokuwa wakimvizia wakalisogelea gari na kumpiga risasi kwa karibu. Pinto akafa akiwa amekaa kwenye usukani. Mtoto hakuguswa na risasi. Mkewe, Emma, alikuwa kazini.

Kenya ilikuwa imetimiza miezi 14 tu ya uhuru wake. Pinto alikuwa na umri wa miaka 37, na alibakiza wiki tano kamili kutimiza 38. Hayo yalikuwa mauaji ya kwanza ya mwanasiasa mashuhuri tangu bendera ya Uingereza iteremshwe, na ndiyo yaliyotangulia orodha ambayo Wakenya wanaijua kwa kichwa: Tom Mboya mwaka 1969, Josiah Mwangi Kariuki mwaka 1975, Robert Ouko mwaka 1990.

Yupo mtu aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, naye akakaa gerezani kwa zaidi ya theluthi moja ya karne huku akikana kuwa ndiye aliyeua. Walioyapanga hawajawahi kufikishwa mahakamani. Mengi yameandikwa kuhusu siasa za marehemu, ukomunisti wake aliodaiwa kuwa nao, na urafiki wake na Jaramogi Oginga Odinga. Yaliyoandikwa machache ni kuhusu nyumba aliyotoka na nyumba aliyoiacha. Hata hivyo, historia ya familia hiyo ndiyo inayoeleza kwa sehemu kubwa ni kwa nini mtu huyu alikuwa mwiba kwa tawala tatu mfululizo, na ni kwa nini damu yake haikupata wa kuidai.

Asili yao Goa

Jina la da Gama Pinto lisimpotoshe msomaji akadhani marehemu alikuwa Mreno. Ukoo wake ulitoka Goa, kipande kidogo cha pwani ya magharibi ya India ambacho Wareno walikiteka mwaka 1510 na kukikalia kwa miaka 451, hadi jeshi la India lilipowaondoa Desemba 1961. Wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya Kireno pamoja na ubatizo huo, na ndiyo sababu hadi leo watu wa asili ya Goa huitwa Fernandes, de Souza, Pereira au Pinto, ilhali lugha yao ya nyumbani ni Kikonkani.

Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, Goa si nchi ya mbali kama inavyodhaniwa. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, na makapteni wake walikuwa wakiwajibika kwa mtawala mkuu wa Ureno aliyekaa Goa. Ni huko Goa ndiko alikopelekwa Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mombasa na Malindi, akalelewa na watawa, akabatizwa na kurejeshwa kutawala akiwa Mkristo. Mwaka 1631 aliurudia Uislamu, akamuua kapteni wa Ngome ya Yesu na kuitwaa ngome yenyewe. Karne tatu baadaye bahari hiyo hiyo ilimpeleka Goa mtoto mwingine wa Kenya, naye akarudi akiwa mwasi.

Ardhi ya Goa ilikuwa haba na ajira zilikuwa chache, hivyo vijana wengi walilazimika kuhama. Wengine walikwenda Bombay, wengine wakawa mabaharia na wapishi katika meli za Waingereza, na kuanzia karne ya 19 wengi walivuka hadi Zanzibar, ambako walifungua maduka, wakashona nguo na kupiga picha. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwishoni mwa karne hiyo, Wagoa walifika pamoja nayo. Daktari wa kwanza kufungua zahanati binafsi katika mji huo, Rosendo Ayres Ribeiro, alikuwa Mgoa. Wazee walimkumbuka kwa desturi yake ya kwenda kuwaona wagonjwa akiwa amepanda punda milia.

Lakini kazi iliyowapa Wagoa wa Kenya sifa na mkate ni ukarani. Serikali ya kikoloni iliwapenda kwa sababu walikuwa Wakristo, walisoma Kiingereza, waliandika mwandiko mzuri na waliaminika kushika vitabu vya hesabu. Katika sensa za wakoloni hawakuhesabiwa pamoja na Wahindi bali walipewa safu yao. Walikuwa na shule yao, makanisa waliyoyazoea na klabu zao, na hata humo ndani walitengana kwa vyeo: makarani walikuwa na klabu zao, mafundi cherehani nao wakawa na chama chao. Wagoa wengi walibaki kuwa raia wa Ureno wakiwa wanamtumikia mfalme wa Uingereza katika ardhi ya Waafrika. Karani wa aina hiyo alijua vema kwamba usalama wake ulitegemea kutoonekana upande wowote.

Anton Filipe da Gama Pinto, baba wa marehemu, alikuwa mtu wa tabaka hilo. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Kenya, na mkewe alikuwa mama wa nyumbani. Mtoto wao Pio alizaliwa Nairobi Machi 31, 1927.

Mtoto avushwa bahari

Familia za makarani wa Kigoa zilikuwa na mpango wa maisha uliojulikana. Baba hufanya kazi Afrika, hujenga nyumba Goa, watoto husomeshwa India, na mwisho wote hukutana kijijini baba atakapostaafu. Pio alipotimiza miaka minane alipelekwa India, akakaa huko katika masomo kwa miaka tisa. Alisoma shule ya sekondari ya St. Joseph huko Arpora, Goa, kisha akajiunga na chuo cha Karnatak mjini Dharwar kusomea sayansi.

Mpango huo ulikusudiwa kumtoa karani mwingine. Haukuzingatia, hata hivyo, kwamba India ya miaka ya 1940 haikuwa ile ambayo baba aliijua. Wahindi walikuwa wakiwataka Waingereza waondoke, na vijana wa rika la Pio walikuwa wakiacha madarasa na kuingia barabarani. Mwaka 1944 alijiunga na jeshi la anga la India akiwa mwanafunzi wa ufundi wa ndege. Baadaye alipata kazi katika idara ya posta na simu mjini Bombay, na humo akashiriki mgomo mkubwa wa wafanyakazi. Ilikuwa kazi ya serikali, ya mezani, ambayo baba yake angejivunia, na mtoto akaitumia kujifunza jinsi mgomo unavyoendeshwa.

Kutoka Bombay alijiingiza katika harakati za kuikomboa Goa, akawa miongoni mwa vijana wa Goa National Congress. Wareno hawakuwa na uvumilivu na mambo hayo. Waliokamatwa walikuwa katika hatari ya kupelekwa Tarrafal, kambi ya wafungwa wa kisiasa katika visiwa vya Cape Verde. Ilipobainika kwamba naye alikuwa akitafutwa, alirejea Kenya mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 22.

Aliondoka mtoto mdogo na kurudi mtu mzima ambaye wazazi wake walikuwa hawakumlea. Baba alikuwa ni yule yule, mtumishi wa serikali. Mwana alianza kwa kubangaiza kazi za ukarani, lakini jioni zake zilikuwa za siasa. Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, walipokamatwa Mei 1950, Pinto alikuwa miongoni mwa waliojaribu kuziba pengo. Alifanya kazi katika ofisi ya chama cha Wahindi cha Indian Congress mjini Nairobi na kuhariri gazeti la Daily Chronicle. Kesi ya Kapenguria ilipoanza mwishoni mwa 1952, alisaidia kutafuta mawakili wa kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake. Wakati huo huo, kwa siri, alikuwa akiwatafutia wapiganaji wa Mau Mau fedha na silaha.

Mahari iliyonunua mtambo

Januari 1954 Pinto alimwoa Emma Dias, Mgoa mwenzake. Hapa pana kisa ambacho Emma mwenyewe alikisimulia mara kadhaa katika uzee wake, bila uchungu.

Katika desturi za Waafrika wa nchi hizi, na za Waswahili pia, mahari hutoka kwa mume. Kwa Wagoa, kama kwa Wahindi wengi, ni baba wa bibi harusi anayetoa, na fedha hizo huwa kama akiba ya kuanzia maisha kwa wanandoa. Baba yake Emma alitoa. Pinto alizichukua fedha hizo na kununulia mtambo wa kuchapishia kwa ajili ya harakati, na bibi harusi akaja kuambiwa baadaye. Emma hakuchukua muda mrefu kutambua kwamba mshahara wa mumewe nao ulikuwa na wenyewe wengi: wake wa wafungwa, wanafunzi waliokosa karo, wageni waliobisha hodi usiku.

Muda wa kuzoea hali hiyo hakuupata. Aprili 24, 1954 serikali ilianza Operesheni Anvil, msako uliowakusanya maelfu ya Waafrika wa Nairobi na kuwapeleka makambini. Mwezi Juni zamu ya Pinto ikafika. Ndoa ilikuwa na umri wa miezi mitano.

Kwa wakoloni, Mgoa katika Mau Mau lilikuwa jambo gumu kuliweka katika mafaili. Propaganda yao ilieleza Mau Mau kuwa ni ugonjwa wa kabila moja, unaoambukizwa kwa viapo vya msituni. Sasa walikuwa na Mkatoliki, mtoto wa mtumishi wao wenyewe. Hakufunguliwa mashitaka. Alipelekwa Takwa, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu.

Msafiri anayekwenda Takwa leo huenda kutazama magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa na watu wake katika karne ya 17, wenye msikiti na kaburi la mnara. Katika miaka ya 1950 jina hilo lilikuwa na maana nyingine: kambi maalumu ya watu ambao serikali iliwaona kuwa ni wakaidi wasiofundishika. Pinto alikuwa ameikimbia Goa ili asifungwe na Wareno katika kisiwa cha Bahari ya Atlantiki. Waingereza walimfunga katika kisiwa cha Bahari ya Hindi.

Alikaa huko hadi mapema mwaka 1958, akahamishiwa Kabarnet, Bonde la Ufa, ambako aliwekewa vizuizi vya kutotoka hadi mwaka 1959. Kwa jumla ni miaka mitano. Katika kipindi hicho baba yake aliugua na kufariki dunia bila kumwona tena mwanawe. Mtumishi wa serikali aliyekuwa ameitumikia kwa uaminifu alikufa huku serikali hiyo hiyo ikiwa imemfungia mtoto wake bila hukumu ya mahakama yoyote. Katika historia nzima ya familia hii hakuna ukurasa mchungu kuuzidi huo, ukiacha wa Februari 1965.

Emma, aliyekuwa bado bibi harusi mpya, alifanya kazi na kujikimu mwenyewe. Katika jamii ndogo ya Wagoa wa Nairobi, ambamo kila familia ilikuwa na mtu serikalini, kuwa mke wa mfungwa wa Mau Mau hakukuwa jambo la kutembelewa kwalo Jumapili baada ya misa.

Uhuru na maadui wapya

Baada ya kuachiwa, Pinto aliingia KANU kwa nguvu zake zote. Mwaka 1960 alihusika kuanzisha gazeti la chama, Sauti ya KANU, kisha akaongoza kampuni ya Pan African Press, iliyochapisha magazeti ikiwa ni pamoja na Sauti ya Mwafrika. Mwaka 1963 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Afrika Mashariki, na Julai 1964 wabunge wa KANU wakampeleka katika Bunge la Kenya. Aidha, alikuwa akiwasaidia wapigania uhuru wa Msumbiji. Kwake hiyo ilikuwa vita ile ile aliyoianza Bombay, kwani adui alikuwa Mreno yule yule.

Hiki ndicho kipindi pekee ambacho familia ilikaa pamoja nyumba moja kwa miaka mfululizo. Watoto watatu wa kike walizaliwa. Nyumba ilikuwa ya siasa tangu asubuhi hadi usiku. Wageni walikula na kulala, na marafiki wanamkumbuka mwenye nyumba kuwa ni mtu aliyeweza kuvua koti lake akampa mtu asiye nalo.

Marafiki hao, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wa mipakani kama yeye. Joseph Murumbi, aliyekuwa waziri, alizaliwa na baba Mgoa na mama Mmasai. Fitz de Souza, wakili aliyekuwa katika utetezi wa Kapenguria na baadaye Naibu Spika, alikuwa Mgoa. Ambu Patel, mwenye kazi ya kujalidi vitabu, alikuwa Mhindi aliyekuwa ameendesha kampeni ya kutaka Kenyatta aachiwe huru. Achieng Oneko, Bildad Kaggia na Odinga walikamilisha duara hilo.

Mgogoro ulikuwa juu ya ardhi. Mashamba yaliyokuwa ya walowezi yalikuwa yakinunuliwa, na swali lilikuwa yaende kwa nani: kwa wasio na ardhi, wakiwamo waliopigana msituni, au kwa wenye uwezo wa kukopa na kulipa. Pinto na wenzake walishika upande wa kwanza. Desemba 1964 Taasisi ya Lumumba ilifunguliwa ili kufundisha makada wa KANU, na Pinto alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Kwa upande wa pili, serikali ilikuwa ikiandaa Waraka Na. 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambao wakosoaji wake waliuona kuwa ni ubepari uliovikwa kanzu. Inaelezwa kwamba Pinto ndiye aliyekuwa akiandaa hoja za kuupinga bungeni. Waraka uliwasilishwa yeye akiwa kaburini.

Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 2019, de Souza aliandika kwamba Pinto na Kenyatta walitupiana maneno makali katika viwanja vya Bunge kuhusu ardhi, siku chache kabla ya mauaji. Huo ni ushahidi wa ugomvi, wala si ushahidi wa nani alimtuma nani. Mambo hayo mawili yamekuwa yakichanganywa sana. Jambo lililo wazi ni kwamba marehemu alikuwa ameonywa kuwa maisha yake yamo hatarini, na wenzake wa karibu walijua.

Kesi iliyobaki pungufu

Polisi hawakukawia kutangaza kukamatwa kwa watuhumiwa. Vijana wawili, Kisilu Mutua na Chege Thuo, walifikishwa mbele ya Jaji Mkuu John Ainley. Thuo aliachiwa huru. Kisilu, ambaye alidai kuwa alikuwa ametumwa kumtisha Pinto na si kumuua, alipatikana na hatia Julai 1965 na kuhukumiwa kunyongwa, adhabu ambayo baadaye ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Jaji Ainley mwenyewe hakujifanya kuwa mambo yamekwisha. Alipotoa hukumu alieleza kuwa kesi hiyo ilikuwa na sura ya kutokamilika, na kwamba huenda si wote waliohusika walikuwa wamefikishwa mbele ya mahakama. Maneno ya namna hiyo kutoka kwa Jaji Mkuu yangetosha kuwa mwanzo wa upelelezi mpya. Haukufanyika.

Kisilu aliingia gerezani kijana na kutoka mzee, baada ya takriban miaka 35, kwa msamaha uliotolewa katika utawala wa Rais Daniel arap Moi. Aliendelea kushikilia kwamba alitolewa kafara ili waliofyatua risasi wasitafutwe. Kama anasema kweli, basi risasi za Westlands ziliharibu familia mbili, na hii ya pili haikutajwa katika hotuba yoyote ya maombolezo.

Emma na mabinti zake

Pinto hakuacha shamba wala akiba. Marafiki zake walilazimika kuanzisha mfuko wa kuisaidia familia, na Ambu Patel akachapisha kitabu cha kumkumbuka mwaka 1966, ambacho kilimwita shahidi wa kwanza wa Kenya. Septemba 1965 Emma alisafiri hadi Santiago, Chile, kupokea tuzo ambayo shirika la kimataifa la waandishi wa habari lilimpa marehemu kwa mchango wake katika ukombozi wa Afrika.

Nyumbani hali ilikuwa inazidi kufunga. Taasisi ya Lumumba ilitwaliwa na serikali katikati ya 1965. Machi 1966, katika mkutano wa Limuru, kambi ya Odinga ilivunjwa nguvu. Mwezi uliofuata Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, Oneko naye akatoka serikalini kumfuata. Murumbi alichukua umakamu wa rais Mei 1966 na kuuacha kabla mwaka haujaisha. Kwa maneno mengine, ndani ya miaka miwili kila mtu aliyekuwa na cheo na sababu ya kuuliza habari za Pinto alikuwa ama ametolewa ama amejitoa.

Mwaka 1967 Emma alifunga mizigo na kuhamia Kanada pamoja na mabinti zake. Ukoo ambao kizazi kimoja nyuma ulivuka bahari kutoka Goa kutafuta ukarani ulivuka tena, safari hii ukiongozwa na mwanamke mjane. Emma alifanya kazi, akalea na kusomesha, na kwa miaka mingi hakuzungumza hadharani. Alipoanza kuzungumza na watafiti na waandishi wa habari, alisimulia zaidi kuhusu mume kuliko kuhusu wauaji.

Kuondoka kwao kulikuwa na athari ambayo haikuonekana mara moja. Mboya alipouawa, Waluo walilia barabarani na taifa lilitikisika. Mwili wa Kariuki ulipopatikana Ngong, Bunge liliunda kamati teule iliyoongozwa na Elijah Mwangale. Ouko alipouawa, wanafunzi waliandamana na serikali ikalazimika kuwaita wapelelezi kutoka Uingereza. Hakuna hata moja ya kesi hizo iliyofikishwa mwisho wake, lakini kila moja ilikuwa na watu wa kuuliza mwaka baada ya mwaka: jimbo, kabila, ukoo wenye makaburi yake mahali pamoja. Pinto aliingia bungeni bila jimbo, kwa kura za wabunge wenzake. Hakuwa na kabila la kuhesabiwa katika siasa za Kenya. Jamii yake ya Kigoa, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imejifunza kunyamaza, ilikuwa yenyewe ikifunga mizigo kwenda Uingereza, Kanada na kwingineko. Mauaji yake hayakuundiwa kamati teule ya Bunge.

Ilipita karibu nusu karne kabla ya chombo rasmi kulitazama tena jambo hilo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyapitia mauaji ya Pinto pamoja na mengine ya kisiasa, na ripoti yake ikakabidhiwa Mei 2013 kwa rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta, mtoto wa rais ambaye Pinto aligombana naye. Hakuna mtu aliyeshitakiwa kutokana na ripoti hiyo.

Kaburi la Pinto lipo City Park, Nairobi. Murumbi alipofariki dunia mwaka 1990 alizikwa katika bustani hiyo hiyo, kwa kuwa alitaka alale karibu na rafiki yake, na mkewe Sheila akazikwa hapo baadaye.  Baba yake alitangulia wakati mwana akiwa Takwa, na mabinti zake walikulia Kanada.